Biskuti za Anzac kwa nazi ya Tanga: kupika, kukausha nazi na kutunza zisilegee

Biskuti hizi hazina yai hata moja. Naanza na hilo mana karibu kila kitu nitakachoeleza hapa kinatokana nalo, zinakaa wiki kadhaa bila kuharibika kwasababu hazina yai, na watu waliozianzisha waliziacha bila yai kwasababu ilikua ni kipindi cha vita na mayai yalikua shida. Zinaitwa biskuti za Anzac, ni za Australia na Nyuzilandi, na hizo nchi mbili mpaka leo zinabishana nani alitangulia kuzipika. Ninachotaka ni wewe uliyepo Tanga, iwe Ngamiani, Makorora, Pongwe au kule Pangani kwenye minazi, uzipike jikoni kwako kwa vitu vya dukani na sokoni kwetu, alafu wakati unakula ujue ni kitu gani na kwanini wenyewe wanaziheshimu kiasi kile.

Anzac ni kifupi cha jina la jeshi la pamoja la Australia na Nyuzilandi kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Tarehe 25 Aprili 1915 hao askari walishushwa ufukweni Gallipoli, Uturuki, walitakiwa wafungue njia ya bahari kuelekea Istanbul, hawakufanikiwa, walikaa kwenye mahandaki miezi nane wakaondolewa Desemba. Australia ilipoteza watu zaidi ya 8,000 pale na Nyuzilandi zaidi ya 2,700, na zilikua nchi zenye watu wachache, kwaiyo karibu kila mtaa ulikua na msiba. Tangu 1916 tarehe 25 Aprili ni siku yao kubwa, wanaamka alfajiri kabla jua halijatoka wanaenda kwenye minara ya kumbukumbu, na wiki hiyo majumbani, mashuleni, makanisani na ofisini biskuti hizi zinakua mezani.

Kuna kitu kimoja watu wa Tanga tutakipenda. Msafara wa kwanza wa meli za hao askari uliondoka Albany, magharibi mwa Australia, tarehe 1 Novemba 1914. Siku iliyofuata, tarehe 2, meli za Waingereza zikiwa na jeshi kutoka India zilitokea hapa kwetu mbele ya Tanga, wakashuka upande wa Raskazone, askari kama 8,000 dhidi ya kama 1,000 wa Wajerumani, wengi wao askari weusi, na wageni wakashindwa vibaya mpaka wakapanda tena meli wakaacha bunduki na risasi nyingi nyuma. Ile vita ya nyuki wazee wanayoisimulia, ambayo nyuki waliwavamia askari wakati wa mapigano, ndo hiyo. Yani vita ni moja, wao iliwakuta ugenini, sisi ilitukuta nyumbani.

Sasa tuingie jikoni.

Vitu unavyohitaji

Chukua kikombe kimoja cha chai, usibadilishe kikombe katikati ya kazi, mana hapa uwiano ndo muhimu kuliko gramu. Mi natumia cha mililita 250.

Oats kikombe 1, zile bapa za kupikia uji asubuhi. Unga wa ngano mweupe wa kawaida kikombe 1. Sukari robo tatu ya kikombe, recipe nyingi za kule zinaweka kikombe kizima lakini kwa ulimi wa kwangu ni tamu kupita. Nazi kavu robo tatu ya kikombe. Siagi gramu 125, hiyo ni nusu ya pakiti ya robo kilo. Shira nzito vijiko 2 vya chakula. Magadi ya kuokea kijiko 1 cha chai. Maji yanayochemka vijiko 2 vya chakula. Chumvi kidogo sana kama siagi yako haina chumvi. Basi. Unapata biskuti 24 mpaka 28 hivi kulingana na mkono wako.

Kuhusu oats, zipo za aina mbili madukani, za kuiva haraka ambazo zimekatwa katwa, na zile nzima zilizobonyezwa tu. Nzima ndo zenyewe, zinakupa kutafuna. Kama umepata za kuiva haraka tumia tu lakini biskuti itakua laini zaidi na itatanuka zaidi kwenye trei, kwaiyo ongeza kijiko kimoja cha unga. Usisage oats. Nimeona watu wanazisaga ziwe unga ili zifanane na biskuti za dukani, hapo unakua umetoa kitu kinachoifanya hii biskuti iwe hii.

Magadi ya kuokea ni ule unga mweupe laini unaouzwa kwenye kikopo au kipakiti kidogo, watu wengi wanaita bekingi soda. Usitumie magadi ya mawe yale ya kulainishia maharage na kisamvu, yana ukali na ladha yake itakaa mdomoni. Na usitumie bekingi pauda ukidhani ni kitu kile kile, biskuti itaumuka kama keki na haitakua na ile rangi ya kahawia iliyoiva.

Siagi halisi ni bora, sitazunguka kwenye hilo. Majarini inafanya kazi na ni rahisi, ladha ndo inapungua. Samli pia inawezekana na huku pwani wengi tunayo, ila samli haina maji kabisa wakati siagi ina maji kidogo, kwaiyo ukitumia samli weka gramu 100 na ongeza kijiko kimoja cha maji.

Nazi, hapa tusimame kidogo

Watu wengi wanaokosa hii biskuti wanakosea kwenye nazi. Recipe za kule zinataka nazi kavu ya pakiti, hapa Tanga ipo kwenye maduka makubwa lakini ni bei na mara nyingine imekaa sana mpaka imeanza harufu ya mafuta ya zamani. Na wewe unakaa kwenye mkoa wa nazi! Shida ni kwamba nazi iliyokunwa muda huu huu ina maji na tui jingi, ukiimimina kwenye unga mchanganyiko unakua mzito wa kulowa, biskuti inaiva nje ndani inabaki mbichi na siku ya tatu imeshaota ukungu. Kwaiyo lazima uikaushe.

Chagua nazi iliyokomaa, kifuu kikavu, ukitikisa unasikia maji yanacheza. Vunja, kuna kwa mbuzi kama kawaida ila usikwangue mpaka ile ngozi ya kahawia, acha nyama nyeupe tu. Mbuzi ni bora kuliko blenda mana inatoa vichenga virefu vyembamba vinavyokauka kwa usawa, blenda inakupa uji wa nazi.

Ukishakuna usikamue tui. Tandaza kwenye sinia pana, nyembamba kabisa, weka kwenye moto mdogo sana wa oven ukiacha mlango wazi kidogo, au kikaango kikavu juu ya makaa machache sana huku unageuza kwa mwiko bila kuondoka. Hutaki iungue wala ibadilike rangi, unataka ibaki nyeupe ila ukiishika isinate na ukiminya kiganjani isitoe mafuta. Kwa kikaango ni kama dakika 20. Jua pia linafaa kipindi cha kaskazi, saa tano mpaka saa kumi, ufunike na chandarua cha chakula kwaajili ya nzi, ila masika usijaribu mana unyevu wa bahari yetu hautaacha kitu kikauke. Acha ipoe kabisa kabla hujaipima. Nazi moja ya wastani inakutosha mzunguko mmoja na inabaki.

Na machicha? Hili naulizwa sana. Ukishakamua tui la wali au mchuzi, yale machicha unaweza kuyakausha hivyo hivyo na kuyatumia, na kwa mtu anayehesabu hela ni jambo zuri sana kuliko kuyamwagia kuku. Tofauti ni kwamba mafuta yameshatoka na ladha imepungua, biskuti inakua kavu zaidi. Ninachokipenda ni nusu kwa nusu, nusu machicha nusu nazi ambayo haijakamuliwa. Ukitumia machicha matupu ongeza siagi kijiko kimoja.

Kitu cha kujua, biskuti za mwanzo hazikua na nazi kabisa. Recipe za miaka ya vita na mara baada ya vita zilikua oats, unga, sukari, siagi, shira na magadi, nazi imekuja kuingia miaka ya 1920 na ikakaa moja kwa moja mpaka leo mtu wa kule ukimpa bila nazi wengi watakwambia hii haijakamilika. Kwaiyo ukikosa nazi siku hiyo pika tu, umepika ya zamani zaidi.

Shira

Wenyewe wanatumia golden syrup, shira nzito ya rangi ya dhahabu inayotokana na kusafisha sukari, ilianza kuuzwa London miaka ya 1880. Huku unaweza kuiona kwenye maduka yanayoleta vitu kutoka nje, lakini usihangaike mana shira tunaijua, anayepika kaimati na visheti anaijua vizuri. Tofauti ni mbili, hii inachomwa kidogo kwanza ipate rangi, na inawekwa ndimu ili isigande kurudi kuwa chenga.

Weka sukari vijiko 4 na maji kijiko 1 kwenye sufuria ndogo nzito, moto wa wastani, usikoroge, zungusha sufuria tu. Ikifika rangi ya chai ya rangi iliyokolea ondoa motoni, rudi nyuma kidogo alafu mimina maji ya moto robo tatu ya kikombe pole pole, itaruka kwa nguvu kwaiyo watoto wasiwe karibu. Rudisha motoni, weka sukari kikombe 1 na nusu na vijiko 2 vya chai vya maji ya ndimu, moto mdogo kabisa dakika 25 mpaka 30. Ikipoa inakua nzito na inashuka kwenye kijiko kama utepe. Hii inakutosha mizunguko mingi, weka kwenye chupa ya kioo inakaa miezi.

Kuna njia za mkato. Asali ya Handeni inafaa, ila asali inaungua mapema kuliko shira, punguza moto. Sukari guru uyeyushe na maji kidogo uchuje, inakupa biskuti nyeusi nyeusi yenye ladha nzito, mi naipenda hiyo kwa kahawa chungu. Hata baadhi ya recipe za zamani za kule zilitumia molasi badala ya golden syrup, kwaiyo hujatoka nje ya njia.

Na kubadilisha badilisha vitu kipindi cha vita sio kwao peke yao. Hapa hapa mkoani kwetu, Amani kule milimani Muheza, Wajerumani walikua na kituo chao cha utafiti wa kilimo tangu 1902, na meli za Waingereza zilipofunga pwani ikawa hakuna kinachoingia, kituo kile kikageuka cha kutengeneza mbadala, maarufu zaidi ni dawa ya malaria kutoka magome ya mikwinini iliyokua imepandwa kule kule. Mkate wa askari ulipikwa kwa unga wa vyakula vya huku mana ngano hakuna. Ukiwa Amani siku moja uliza miti ya zamani ya kituo, bado mingi imesimama.

Kuchanganya

Changanya vikavu kwenye bakuli kubwa: oats, unga, sukari, nazi, chumvi. Tengeneza shimo katikati.

Yeyusha siagi na shira pamoja kwenye sufuria, moto mdogo, mpaka viwe kitu kimoja. Isichemke sana, ikianza tu kutoa vipovu pembeni toa.

Sasa hii ndo hatua yenyewe. Chukua maji yanayochemka vijiko viwili kwenye kikombe, weka magadi, koroga, na saa hiyo hiyo mimina kwenye siagi na shira. Itatoa povu jingi linapanda juu kwaiyo sufuria iwe na nafasi. Hilo povu ni magadi yanakutana na uchachu uliopo kwenye shira, gesi inatoka, na ndo kazi ambayo kwenye biskuti nyingine ingefanywa na yai pamoja na bekingi pauda. Magadi hayo hayo ndo yanafanya rangi iive vizuri. Usisubiri povu lishuke, mimina lote kwenye vikavu likiwa bado linapanda, changanya kwa mwiko mpaka usione unga mkavu. Ukichelewa dakika tano unakula biskuti nzito iliyolala.

Mchanganyiko uwe unashikana ukiuminya ila usinate vidoleni sana. Ukiona unamomonyoka ongeza kijiko kimoja cha maji, nazi za huku zinatofautiana na nazi kavu sana inakunywa maji. Ukiona umelegea uache dakika kumi oats zinywe, mara nyingi unakaa sawa wenyewe, usikimbilie kuongeza unga.

Viringisha vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, panga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea au iliyopakwa siagi, acha nafasi ya vidole vitatu kati ya kidonge na kidonge mana zinatanuka. Bonyeza kidogo kwa kiganja au mgongo wa uma.

Moto

Kwa oven ya umeme au gesi ni nyuzi 160 mpaka 170, dakika 12 kwa biskuti ya kutafuna, dakika 15 mpaka 18 kwa biskuti ya kuvunjika. Huu ndo ubishi wao mkubwa kule, laini au ngumu, na familia zinagawanyika kabisa. Kwa Tanga mi nasema ngumu, sio kwa ubishi ila kwa hali ya hewa, laini kwenye unyevu huu kesho yake inakua kama mkate uliolowa. Ukitaka ngumu bonyeza ziwe nyembamba zaidi, punguza moto uwe 150 na uziache mpaka dakika 20.

Kwa mkaa, na najua wengi wetu ndo tunatumia mkaa, fanya kama unavyopika mkate wa kumimina, moto juu na chini. Chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu safi unene wa vidole viwili chini, juu yake weka kikalio cha chuma au mawe matatu madogo ya usawa, funika na sinia la bati, palia makaa juu ya sinia. Makaa mengi yawe juu, chini yawe machache, mana chini ndo panapounguza. Acha sufuria ipate moto robo saa kabla hujaweka biskuti.

Kupima moto bila kipimo, nyunyiza unga kidogo kwenye kisahani cha bati uweke ndani ukifunika dakika tano. Ukitoka rangi ya kahawia hafifu moto uko sawa, ukitoka mweusi toa makaa, ukitoka mweupe ongeza. Sufuria itaingia biskuti saba au nane kwa mara moja kwaiyo ni kazi ya kukaa hapo, mchanganyiko unaosubiri ufunike na kitambaa chenye unyevu. Usifungue fungue, fungua baada ya dakika kumi uangalie rangi.

Zinapotoka zitakua laini sana na utadhani hazijaiva. Zimeiva. Ziache kwenye trei dakika tano bila kuzigusa, alafu zihamishie kwenye waya au ungo safi zipoe kabisa. Ugumu unakuja kwenye kupoa, mana ile shira na sukari ndo vinaganda hapo. Mtu anayerudisha motoni kwasababu zimekua laini anaishia na kitu kinachovunja meno.

Na tukizungumzia kuvunja meno, tuseme ukweli kuhusu askari

Picha inayosimuliwa sana ni mama na mke wanapika hizi biskuti wanazifunga kwenye kopo zinasafiri kwa meli mpaka kwenye handaki Gallipoli. Ni picha nzuri na vifurushi kweli vilitumwa kwa askari wakati wa vita, lakini biskuti ambayo askari wa Gallipoli aliishi nayo kila siku ni nyingine kabisa, biskuti ya jeshi, kipande cha mraba cha unga na maji chenye matundu, kigumu kiasi kwamba wenyewe waliita kigae. Watu walivunja meno. Walikiponda kwa mawe wakapika uji, walikiloweka kwenye chai, na wengine waliandika ujumbe juu yake wakaituma nyumbani kama postikadi, zipo mpaka leo kwenye makumbusho ya vita ya Australia pale Canberra, zaidi ya miaka 100 na haijaoza.

Biskuti za oats zenyewe sehemu kubwa zilipikwa na kuliwa huko huko nyumbani, kina mama walizipika wakaziuza kwenye magulio na sherehe za kuchangisha fedha za vita. Mi naona hiyo ni sifa kubwa zaidi kwao. Walikua na unga, oats na sukari, wakatoa fedha. Na desturi hiyo haijafa, mpaka leo kila Aprili biskuti zinauzwa kule na sehemu ya fedha inaenda kusaidia askari wastaafu.

Upande wetu, Waingereza walichukua wapagazi wa Afrika kwenye vita hii karibu milioni moja, na kwa hesabu zao wenyewe waliokufa ni zaidi ya 95,000, wengi kwa magonjwa sio risasi. Sababu moja kubwa ilikua chakula. Walipewa unga wa mahindi, wengi wao hawakuuzoea, hakuna muda wa kuupika wala kuni kavu wala sufuria za kutosha, unaliwa haujaiva, wanaharisha mpaka wanakufa njiani. Nalisema hapa kwenye andiko la biskuti kwasababu ni jambo lile lile, chakula cha vita, ila wao wana siku, wana recipe, wana watoto wa darasa la tatu wanaoipika shuleni huku wanaelezwa babu zao walikua wapi. Sisi tuna Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, ina gwaride na ina mashada ya maua, haina chakula chochote kinachopikwa nyumbani kwaajili yake. Ningependa sana watoto wa Tanga wapike kitu siku hiyo. Inaweza ikawa hii hii biskuti ukibadilisha ngano robo kwa unga wa mtama na shira kwa asali, inatoka vizuri kabisa na nyuki wa Tanga wanapata kutajwa.

Jina lenyewe

Australia tangu 1921 jina Anzac linalindwa na sheria, huwezi kulibandika tu kwenye duka lako au bidhaa yako bila kibali cha serikali. Biskuti zimeruhusiwa kibiashara kwa masharti, zifuate recipe ya asili au zikaribiane nayo, na ziitwe biskuti, zisiitwe kwa lile jina la Kimarekani la kuki. Ukiweka chokoleti au karanga au zabibu kavu ukaiuza kwa jina hilo unaambiwa toa jina. Nilipolijua hilo nilishangaa kidogo, alafu nikaona wana haki. Ndo mana recipe imefika miaka 100 ikiwa bado inatambulika.

Kwaiyo na wewe ukiweka iliki, na najua mkono wa pwani lazima uende kwenye iliki, ni nzuri mno, inakua katikati ya kashata ya nazi na vileja, lakini iite biskuti ya oats na iliki. Ile ya bila kitu ndo iite ya Anzac.

Kutunza

Hapa Tanga adui ni hewa ya bahari. Biskuti ikishapoa kabisa, narudia kabisa, sio vuguvugu, weka kwenye kopo la bati au la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka karatasi kati ya safu na safu. Ukifunga zikiwa na joto mvuke unabaki ndani na zote zinalegea usiku huo. Vizuri zinakaa wiki tatu mpaka nne. Kijifuko cha kitambaa chenye mchele mkavu ukikiweka chini ya kopo kinasaidia kunyonya unyevu hasa masika, ubadilishe mchele kila wiki. Zikilegea usizitupe, zirudishe kwenye moto wa nyuzi 150 dakika tano, ziache zipoe, zimerudi.

Kwa mtoto anayeenda bweni au ndugu anayesafiri na basi kwenda Dar, usizilaze, zipange zikisimama kwa ubavu zimebanana kwenye kopo, alafu jaza nafasi iliyobaki na karatasi ya kukunja kunja zisicheze. Zilizolala moja juu ya nyingine zile za chini zinavunjika kabla ya Segera.

Kama unataka kuuza anza na pakiti ya sita sita, kwa chai ya saa nne ofisini zinatoka haraka, na andika nyuma vitu vyote vilivyomo, ngano, siagi, nazi, mana kuna watu miili yao haipokei ngano na kuna wasiokunywa maziwa. Mteja wa hivi wa pili ukimpikia kwa mafuta ya nazi badala ya siagi, gramu 100 na maji kijiko kimoja, zinatoka na harufu ya nazi zaidi na wala hutapunguza kitu kingine.